myIDP mikononi mwa mwanafunzi wa sayansi ya tiba Uganda: maswali mazuri, ramani ya kwingine

myIDP ni zana ya mtandaoni ya kupangia kazi, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu na watafiti vijana wa sayansi. Haina malipo. Imekuwapo tangu 2012 katika kitengo cha ajira cha jarida la Science la Marekani, na walioiandaa, Cynthia Fuhrmann, Jennifer Hobin, Bill Lindstaedt na Philip Clifford, ni watu waliozoea kuwaongoza watafiti vijana wa huko. Uganda imeingia zaidi kwa mlango wa ruzuku. Tangu Oktoba 2014, NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, hutaka ripoti za mwaka za miradi yake zieleze kama wanafunzi na watafiti vijana waliomo wanatumia mipango binafsi ya maendeleo, yaani IDP. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mulago, Mbarara au Entebbe anayelipiwa karo na mradi kama huo anaweza kutumiwa kiungo na msimamizi wake akaambiwa ajaze kabla ya Ijumaa.

Na hapo ndipo mambo huharibikia. Fomu iliyojazwa kumridhisha msimamizi haimfai aliyeijaza. Ikijazwa kwa utulivu, sehemu yake ya maswali ni nzuri, sehemu ya malengo ni nzuri zaidi, na sehemu inayokupa asilimia za kazi zinazokufaa haina budi kufanyiwa ukarabati kabla hujaitegemea hapa kwetu. Uhakiki huu unakaa zaidi kwenye huo ukarabati.

Kwanza kuingia. Unajisajili kwa barua pepe na neno la siri. Tumia barua pepe yako binafsi, si ya chuo, maana anwani ya chuo inaweza kufungwa ukishahitimu na mpango wako wote ukabaki ndani. Jaza kwenye kompyuta; majedwali yake ni marefu na kwenye simu yanachosha. Mtandao wa vyuo wa eduroam, unaopitia RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, unatosha kabisa, na hata bando la kawaida halitaliwa sana kwa kuwa kurasa nyingi ni maandishi matupu. Hifadhi kila ukurasa kabla ya kwenda unaofuata, hasa kama kompyuta yako betri imechoka na umeme wa mtaani kwenu ni wa kuja na kuondoka. Lugha ni Kiingereza tu. Tenga kama saa mbili kwa tathmini, halafu malengo uyaandike siku nyingine akili ikiwa imetulia.

Tathmini ina sehemu tatu: ujuzi, mambo unayopenda kuyafanya, na mambo unayoyathamini. Kwenye ujuzi unajipa alama 1 hadi 5, na hapa wengi hujipendelea. Zana haikupi kipimo cha nje, haikuulizi ushahidi, na mtu anayejipa 5 kwenye takwimu kwa sababu aliwahi kubonyeza vitufe vya programu ya uchambuzi atapata majibu ya mtu mwingine. Kipimo kinachofaa ni hiki: 1 umeona wenzako wakifanya, 2 umefanya mtu akiwa pembeni yako, 3 unafanya peke yako kwa kufuata mwongozo wa maabara, 4 unajua kazi ilipoharibikia na unairekebisha, 5 umemfundisha mwingine naye akaweza. Chapisha orodha ya ujuzi, mpe msimamizi wako nakala tupu aijaze bila kuona yako, kisha mlinganishe. Mlipotofautiana kwa alama 2 au zaidi ndipo penye mazungumzo ya maana. Kama msimamizi ni Profesa mwenye wanafunzi kumi na mikutano isiyokwisha, mpe mwalimu wa pili au yule daktari wa utafiti anayekaa nanyi maabara kila siku. Mara nyingi ndiye anayekujua zaidi.

Baada ya hapo zana inalinganisha majibu yako ya ujuzi na mapenzi na mahitaji ya njia 20 za kazi, na kukupangia kwa asilimia. Angalia vizuri: sehemu ya tatu, ya mambo unayoyathamini kama kipato, usalama wa ajira na muda wa familia, haiingii kwenye hesabu hiyo. Unaachiwa uipime mwenyewe. Kwa mtu anayesomesha wadogo zake, sehemu hiyo ndiyo ingetakiwa kuwa ya kwanza.

Sasa njia zenyewe. Zimechorwa kwa soko la Marekani, na si zote zina mlango Kampala.

Anza na ile inayowavutia wengi, ya mtafiti mkuu katika chuo cha utafiti. Kwa Marekani maana yake ni mtu aliyepewa maabara yake na fedha za kuanzia. Kwenye chuo cha umma Uganda ngazi ni mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na bila uzamivu huvuki kwenda uhadhiri. Mshahara wa wanasayansi wa vyuo vya umma ulipandishwa katika mwaka wa fedha 2022/23, kwa hiyo kazi yenyewe si ya njaa kama ilivyokuwa. Lakini mshahara ni wa kufundisha. Fedha za utafiti unazitafuta mwenyewe, na maabara mnagawana. Makerere ina mfuko wake wa utafiti na ubunifu, Mak-RIF, unaotoka serikalini tangu 2019, na kwa mtafiti anayeanza ni mahali pazuri pa kujenga jina. Kilichobaki kwa sehemu kubwa hutoka nje, na nyingi ya ruzuku hizo zilikuwa zikipita chuo cha Marekani kwanza kisha kipande kinashuka Uganda. Mei 2025 NIH ilitangaza kusimamisha vipande vipya vya namna hiyo hadi uwepo utaratibu mwingine, na mwaka huohuo fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, zikakatwa. myIDP inaweza kukuambia unafaa kwa asilimia 85 kuwa mtafiti mkuu. Haikuambii mshahara wa msaidizi wako wa maabara utatoka wapi.

Njia inayoajiri watu wengi katika utafiti wa tiba Uganda, ambayo wanafunzi huiruka kwa sababu haina sifa za maabara, ni usimamizi wa tafiti za kitabibu. Vituo vya utafiti wa tiba kama IDI (taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Makerere), JCRC, MU-JHU, na kitengo cha MRC/UVRI na LSHTM pale Entebbe, vyote vinahitaji waratibu wa utafiti, maofisa wa vibali, wasimamizi wa data na wakaguzi wa ubora. Kazi yenyewe ni nidhamu ya karatasi: nani aliidhinishwa kufanya nini, mshiriki alisaini ridhaa ya toleo gani na tarehe gani, dozi iliyotoka inalingana na iliyobaki, tukio baya liliripotiwa ndani ya muda. Cheti cha mafunzo ya GCP, yaani kanuni za utendaji bora wa tafiti za kitabibu, ndicho tiketi ya kuingilia na kinapatikana mtandaoni. Zana hii haikuulizi habari za GCP. Wala haikuulizi kama unaweza kueleza ridhaa kwa Luganda, Runyankole, Acholi au Kiswahili bila kumpotosha mshiriki, na hilo kwenye usaili linaweza kukupa kazi mbele ya mwenye alama nzuri kuliko zako. Liandike mwenyewe kwenye orodha ya ujuzi wako.

Upimaji wa kimaabara nao una mtego. myIDP inaiona kama njia iliyo wazi kwa yeyote mwenye mikono ya maabara. Hapa, maabara ya hospitali inataka usajili wa Allied Health Professionals Council, baraza linalosajili wataalamu wa maabara na wengine wa afya, na leseni inayohuishwa kila mwaka. Aliyesoma biokemia au zuolojia akaunganisha uzamili wa imunolojia anaweza kuwa hodari wa PCR na bado asiruhusiwe kutoa majibu ya mgonjwa. Uliza suala la usajili kabla hujachagua uzamili, si baada ya mahafali.

Nyingine kwa haraka. Viwanda: kiwanda cha Quality Chemical kule Luzira hutengeneza dawa za kupunguza makali ya VVU na za malaria, lakini kazi yake kwa mwanasayansi iko zaidi kwenye udhibiti wa ubora, kupima vidonge kwa HPLC, mbinu ya kutenganisha kemikali, na jinsi vinavyoyeyuka, si ugunduzi wa molekuli mpya. Uidhinishaji wa dawa: kuna NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, ambayo pia ndiyo hutoa cheti cha kufanya majaribio ya dawa, na wafamasia ndio wenye nafasi ya mbele. Hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi: URSB, ofisi ya usajili ya serikali, hapa, ARIPO, shirika la miliki bunifu la Afrika, kule Harare, nafasi chache, ila na wanaozisomea ni wachache vilevile. Uuzaji na matengenezo ya mashine za maabara: usiidharau, maana mashine ya kuhesabu seli ikigoma maabara nzima husimama na anayejua kuifungua huitwa kama mganga. Afya ya umma: mpango wa mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, ulioanza 2015, ni wa miaka 2 na unakuweka kazini moja kwa moja kwenye uchunguzi wa milipuko. Uandishi wa sayansi na elimu ya sayansi kwa wasio wanasayansi nazo zimo kwenye orodha. Kama ajira ya kudumu ni nadra, kama kazi ya pembeni zinalipa.

Halafu kuna pengo linalokera. Bioinfomatiki, uchambuzi wa data za kibiolojia kwa kompyuta, haina njia yake kwa jina kwenye zile 20. Orodha ni ya 2012 na inaonekana. Kampala tangu 2019 ina kituo cha umahiri cha bioinfomatiki pale IDI, na mtu anayejua kuchambua jenomu za vimelea akiwa ameketi na kompyuta yake ana soko lisilotegemea friza. Mwenye mwelekeo huo asishangae zana ikimtupa kwenye “utafiti viwandani”.

Ukarabati wenyewe haugharimu kitu. Chukua njia 5 za juu ulizopewa, fungua jedwali, uweke safu hizi: mwajiri gani Uganda anazo, leseni au usajili gani unatakiwa, nani analipa mshahara, serikali, chuo au mradi, mkataba ni wa muda gani, tangazo la mwisho la kazi hiyo ulilionea wapi na lini, na mtu mmoja anayeifanya unayeweza kumfikia. Njia isiyo na tangazo la ndani ya miezi 12 wala mtu usiifute. Ihamishie kwenye karatasi ya “nje ya nchi” na uipangie kama safari, pamoja na gharama zake. Safu ya nani analipa ndiyo inayoamua mengi. Mkataba wa mradi kwa kawaida ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, na huweza kuwa na mshahara mzuri kuliko wa chuo, lakini ruzuku ikiisha hakuna wa kumwendea.

Zana inakushauri pia usome kuhusu kazi, uhudhurie matukio na uzungumze na watu. Makala zake nyingi ni za Marekani. Soma mbili tatu upate msamiati. Kwa vitabu na majarida ya taaluma, Uganda imo kundi A la Research4Life, kwa hiyo taasisi iliyosajiliwa inayapata bure. Muulize mkutubi neno la siri. Kuhusu kuzungumza na watu, mfano wa barua pepe ya mistari mitano kwa mtu usiyemjua haufiki mbali hapa. Pitia kwa mtu mnayefahamiana wote, tuma ujumbe wa WhatsApp wenye salamu, jina lako, nani amekuelekeza na unaomba dakika 20, na mwite Daktari au Profesa hata kama mna umri mmoja. Usiombe kazi. Uliza wiki yake ya kazi ilivyo, alipataje nafasi, na nani kwenye timu yao alipoteza kazi mradi ulipokwisha. Swali la mwisho ndilo watu hulijibu kwa kirefu.

Tuje kwenye malengo, maana hapa myIDP inastahili sifa. Malengo ni ya aina tatu: ya kusonga mbele kikazi, ya ujuzi, na ya mradi wa utafiti. Kila moja linatakiwa liwe mahususi, linalopimika na lenye tarehe, na zana inaweza kukutumia vikumbusho kwa barua pepe. Ubaya ni kwamba zana haijui lengo moja linalosubiri lingine. Kila lengo linasimama peke yake, na utafiti wa tiba hauendi hivyo.

Tuseme mwanafunzi wa uzamili ameandika: “Nitapima sampuli 80 za sitokini kwa ELISA kufikia mwisho wa Agosti.” Sitokini ni protini za ujumbe za mfumo wa kinga, na ELISA ni kipimo chake cha kutumia kingamwili kwenye bamba lenye visima. Mbele ya zana hilo ni lengo safi. Lichambue. Bamba lina visima 96. Ukipima kila sampuli mara mbili, na ukaweka viwango 7 (vimiminika vya kiasi kinachojulikana vya kulinganishia) pamoja na kisima tupu navyo mara mbili, visima 16 vimekwenda na 80 vilivyobaki vinabeba sampuli 40. Sampuli 80 ni mabamba 2 kamili, bila nafasi hata ya moja ya kurudia. Sampuli ambazo vipimo vyake viwili vimepishana kupita kiasi mlichokubaliana, tuseme asilimia 15 au 20, zitahitaji kurudiwa, na zilizopita kiwango cha juu zitapunguzwa makali na kupimwa tena. Kwa hiyo agiza mabamba 3, yote ya toleo moja la kiwandani, maana kuchanganya matoleo kunaleta tofauti ambayo hutaweza kuitenganisha na tofauti za wagonjwa. Anayeagiza 2 kwa kubana bajeti hulazimika kuagiza la tatu Julai, na vitendanishi vinavyopitia wakala wa Kampala kufika baada ya wiki 6 hadi 12 si jambo la ajabu. Mwambie wakala asisafirishe mzigo ukafika Entebbe Ijumaa jioni au mkesha wa sikukuu. Ukikaa uwanjani bila ubaridi, kingamwili zinaweza kuharibika na sanduku likaonekana zima.

Kabla ya hayo yote kuna vibali. Andiko linapita idarani, kisha kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha usajili UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, kisha barua ya uongozi wa hospitali unakochukua sampuli. Sampuli zikienda nje ya nchi kuna mkataba wa kuhamisha sampuli. Dawa ikihusika, NDA. Kibali cha kamati kwa kawaida ni cha mwaka mmoja na kinahuishwa. Kikiisha katikati ya ukusanyaji, unasimama, na data iliyochukuliwa bila kibali inaweza kukataliwa. Kasoro zinazorudisha maandiko ni zilezile: fomu ya ridhaa ya lugha ya kienyeji isiyo na cheti cha tafsiri, namba za toleo zisizolingana kati ya andiko na fomu, bajeti isiyotaja fidia ya nauli ya mshiriki, na mpango wa kuhifadhi sampuli usiosema zitakaa wapi na kwa muda gani.

Kwa hiyo kwenye myIDP lengo lile moja liandikwe kama saba, kila moja na tarehe yake: andiko limewasilishwa, kibali cha kamati, usajili wa UNCST, oda imetoka, mabamba yamefika, bamba la majaribio kwa sampuli chache, ndipo upimaji. Pangia kuanzia mwisho kurudi nyuma. Oda itoke mara kibali cha kamati kinapotoka, usisubiri sampuli ya mwisho, lakini angalia tarehe ya mwisho ya matumizi ya seti. Ukishaandika hivi utaona mwenyewe kwamba Agosti ilikuwa ndoto, na ni afadhali uione mwezi wa kwanza kuliko ufadhili ukiwa umebakiza wiki tatu.

Malengo ya ujuzi yaandike kwa kitu kinachobaki mkononi. “Kujifunza R”, programu ya takwimu, si lengo. “Kuchora michoro yote ya sura ya nne kwa R, na msimbo wake uendeshwe na mwenzangu kwenye kompyuta yake bila kunipigia simu” ni lengo.

Sehemu ya timu ya walezi ni fupi na wengi huandika jina la msimamizi wakaendelea. Weka watu watatu: mmoja wa sayansi, mmoja wa vibali au fedha za miradi, mmoja aliye nje ya chuo. Ukikosa wa kukusaidia kuandika makala, AuthorAID hutoa ulezi na kozi za mtandaoni bure kwa watafiti wa nchi zenye kipato kidogo. Unachoandika kwenye myIDP ni chako. Unayeamua nani aone nini ni wewe, kwa kuchapisha muhtasari unaoutaka. Kwa hiyo kwenye kipato na hamu ya kuhama maabara andika ukweli, kisha umpelekee msimamizi kurasa za malengo pekee.

Kwa mwanafunzi wa uzamivu mwaka wa kwanza au wa pili, nyota 4 kati ya 5 kama ataongeza lile jedwali. Kwa wa uzamili wa miaka 2, nyota 3: tumia malengo, ruka asilimia. Kwa aliyemaliza na anatafuta kazi mwezi huu, nyota 1, matangazo ya kazi yatamfaa zaidi. Mwanafunzi wa afya ya jamii ambaye utafiti wake ni mahojiano na si maabara aifungue ImaginePhD, ya 2017, ambayo imetengenezwa kwa fani za jamii na sanaa na haina malipo pia. Maswali ya myIDP kuhusu majaribio ya maabara yatamvurugia asilimia zake zote.